Mbwa na Kuku katika Ua Mmoja

 

Ndugu zetu wa pwani waendao Nairobi, wakateremkia kwa Waislamu wenzao wa Kibera na Kawangware, hurudi na neno moja: kule wenzetu wafuga mbwa, kuku wao wanywa katika chombo cha mbwa, na sisi tukaandaliwa mayai na kitoweo; je, tulichokula ni halali? Neno hili huzungumzwa barazani kwa kicheko zaidi kuliko kwa kutafuta elimu, na wako waliofika hadi ya kukataa kula kwa ndugu zao. Kukataa chakula cha Muislamu kwa dhana tu ni jambo zito, na kwa hivyo tumeona yapasa mas-ala haya yaelezwe.

Kwanza na ijulikane khabari ya mahali penyewe. Kibera ilianzwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari wa Kinubi wenye asili ya Sudani, waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles, na jina lake latokana na neno lao, kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 Serikali ya kikoloni iliitenga ardhi ile, zaidi ya ekari 4,000, kwa ajili ya jeshi. Wakalima, wakafuga, na mwenye ng'ombe alikuwa na mbwa wake. Mji ukaizunguka Kibera na kuila kidogo kidogo, hata Wanubi walipopewa hati ya ardhi mwaka 2017 ilikuwa ni ekari 288 tu. Kawangware nako mashamba yalikatwa ploti, na ploti zikajengwa vyumba vya mabati vya kupangisha. Shamba limeondoka, mbwa na kuku wamebaki. Zamani mbwa alilala zizini na kuku nyuma ya jiko. Leo wote wamo katika ua usiotosha kuanika kanga mbili.

Ama kufuga mbwa bila ya haja, Mtume (S.A.W.) amekukataza, na ametueleza kwamba afanyaye hivyo hupungukiwa na thawabu zake kila siku kwa kadiri ya kirati. Lakini amemtoa katika katazo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Maulamaa wetu wa Kishafi wakaulizana juu ya mbwa wa kulinda nyumba, na kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imam Nawawi ni kuwa yafaa, kwani haja ni ile ile. Anayezijua nyumba za mabati zilivyo nyepesi kuvunjwa usiku hana haja ya kuelezwa zaidi.

Tuje kwenye najisi. Sisi wafuasi wa Imam Shafi twasema mbwa ni najisi mughalladha, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Imam Malik kwake mbwa aliye hai ni twahara, na huko kuosha ni ibada tu. Nayo Sudani, walikotoka mababu wa Wanubi, ni nchi ya madhehebu ya Malik. Mtu wa Makina akishika kauli hiyo hakuzua dini mpya. Na hata kwa madhehebu yetu, kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Kuku akinywa aliponywa mbwa, ni mdomo wake ulionajisika, wala yai atakalotaga halina neno. Yai likirambwa na mbwa, huoshwa gamba lake kama chombo kinavyooshwa, na ndani yake ni safi. Asili ya vitu ni twahara mpaka ijulikane yakini, na mgeni aliyeandaliwa chakula hana wajibu wa kupeleleza yai lilitagwa wapi.

Wanaocheka barazani wamemtazama mbwa wakaacha kuutazama mtaro. Kuku wa Kibera huchokora mitaroni, na mitaro hiyo hubeba maji ya vyoo. Mnyama ambaye chakula chake ni najisi, mafakihi humwita jallala, na nyama yake ikigeuka harufu au tamu, kuliwa kwake ni makuruhu kwa Nawawi na haramu kwa Rafii. Lakini dini haikuharamisha kuku. Mtu mmoja alikataa kuku mbele ya Abu Musa Al-Ash-ari kwa kuwa alimwona akila uchafu, na Abu Musa akamwita ale, akamwambia kuwa amemwona Mtume mwenyewe akila kuku. Na Ibn Umar yasimuliwa kuwa alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumchinja. Siku tatu za tundu na mahindi, ni taabu gani hiyo?

Lililo zito kuliko yote halikutajwa kabisa na waulizaji: mbwa wa fulani amekula kuku wa jirani. Mwenye mbwa hujibu kwamba mnyama hana hukumu. Kweli mnyama hana, lakini wewe unayo. Mafakihi wetu wameandika kuwa paka aliyejulikana kwa ada yake ya kula ndege wa watu, mwenyewe hulipa, usiku na mchana. Mbwa ni zaidi. Mitetea mitatu ya mjane ndiyo daftari na kalamu za watoto wake. Basi alipwe, wala asingoje kwenda kwa mzee wa mtaa. Naye aliyeliwa kuku wake asitie sumu katika nyama na kuitupa njiani, kwani sumu haichagui baina ya mbwa, kuku na mtoto.

Mbwa mwenye njaa ndiye alaye kuku, na kumlisha ni wajibu wa aliyemfuga. Asipewe matumbo mabichi ya kuku, asije akazoea ladha yake. Chombo chake kiwe mbali, na tundu la kuku liinuliwe juu ya ardhi. Kuku aliyekufa kwa mdondo azikwe, asitupiwe mbwa. Na mbwa achanjwe kila mwaka, kwani kichaa cha mbwa kingali kikiua watu nchini Kenya, na Serikali imekusudia kukikomesha ifikapo mwaka 2030. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuchomwa sindano, hata jeraha likiwa ni mkwaruzo tu.