V8 Isiyo na V8

Jumapili moja alasiri, kwenye gereji ya kando ya barabara hapa Pioneer, tulikuwa watu sita tumeinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Kwenye video kulikuwa na Ford Mustang mpya, ile ya kizazi cha saba, imeegeshwa mahali fulani Marekani. Ndani ya gari hakuna mtu. Mwenyewe amesimama hatua chache kando, anabonyeza ufunguo, na injini inanguruma peke yake. Anabonyeza tena, inanguruma tena. Vijana wakapiga kelele utadhani ni goli.

Fundi mwenye gereji, ambaye sisi sote tunamwita Mzee, alitazama mpaka mwisho, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Hiyo si Mustang," akasema.

"Lakini Mzee, imeandikwa Mustang."

"Hata mimi nikiandika 'daktari' hapo kwa ukuta, utaniletea mtoto?"

Tulicheka, lakini ubishi ulianza hapo na haukuisha mpaka giza likaingia. Mimi nilienda nyumbani nao. Najua kuna mambo makubwa ya kubishania katika nchi hii kuliko gari ambalo hakuna hata mmoja wetu atakayelinunua. Lakini swali la Mzee lilinigusa mahali ambapo nimekuwa nikikwepa kuguswa: kitu kipya kinapobeba jina la zamani, kinadaiwa nini? Na anayedai ni nani?

Tuanze na gari. Mustang ya kwanza iliuzwa Aprili 1964. Wajuzi watakuambia haswa hiyo si gari la misuli, ni ukoo mwingine mdogo uliopewa jina lake wenyewe kwa sababu ya Mustang. Sawa, lakini mtaani kwetu zote ni kabila moja: Mustang, Camaro, Charger, Challenger. Gari la milango miwili, boneti ndefu, na sauti inayotangulia kufika.

Sisi huku tulilijua jina kabla ya gari. Kwa miaka 50 Mustang zilitoka kiwandani na usukani upande wa kushoto, na sheria ya Kenya inataka usukani wa kulia. Ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015, ndicho kilikuwa cha kwanza kuundwa kiwandani kwa barabara za watu kama sisi. Kabla ya hapo, Mustang ilitufikia kupitia filamu, mabango ya ukutani na stika za matatu. Labda ndiyo maana tunalishikilia jina kwa nguvu hivyo. Jina ndilo tulilokuwa nalo.

Jibu la kwanza kwa swali la Mzee, ambalo kijana mmoja alilitoa pale pale, ni injini. Mustang ni V8, basi. Ukiondoa V8, umeua Mustang. Linaonekana jibu la kiume na la kueleweka, lakini historia hailiungi mkono. Mustang ya bei ya chini ya 1964 ilikuwa na silinda sita. Sehemu zake nyingi zilitoka kwa Ford Falcon, gari la kawaida la familia. Na mwaka 1974, kilipotoka kizazi cha pili, hakikuwa na V8 hata moja. Ilirudi mwaka uliofuata. Kwa hivyo anayesema kizazi kipya kimeisaliti Mustang ya kwanza kwa kuuza pia injini ya silinda nne, anamtetea babu ambaye hakuwahi kuishi. Tumemwosha babu, tukamvisha suti, kisha tunamchapa mjukuu kwa kutofanana na picha.

Jibu la pili ni sauti na sura. Hata hapo kuna matatizo. Dodge walifunga ukurasa wa Charger na Challenger za V8 mwishoni mwa 2023, kisha wakaleta Charger Daytona ya umeme. Gari la umeme halina ngurumo, kwa hivyo walitengeneza mfumo wa kutoa sauti ya bandia. Mwaka 2022, walipoonyesha gari la mfano, walijivunia desibeli 126. Hebu fikiria: wahandisi walikesha ili gari lisilo na kitu cha kuungurumisha liungurume. Si uongo kabisa, kwa sababu kila mtu anajua. Lakini pia si ukweli. Ni kama mtu anayekohoa kwa sauti ya marehemu baba yake ili watoto wanyamaze.

Jibu la tatu ni karatasi. Jina ni mali ya kampuni, na kampuni ikisema hii ni Mustang, basi ni Mustang. Kisheria hakuna ubishi. Ila mwaka 2019 Ford walilibandika jina hilo kwa Mach-E, gari la umeme la milango minne la kubebea watoto na mboga, na mpaka leo wapenzi wengi wa Mustang hawalitambui. Kumbe mtu anaweza kumiliki jina na bado asiweze kuwalazimisha watu waliite.

Na watu huita wanavyotaka. Kaa kando ya barabara ya kuelekea Kapsabet utaona. Hapa kwetu "V8" si injini. V8 ni Toyota Land Cruiser kubwa, ya mheshimiwa, ya mwanariadha aliyeshinda mbio za maana, ya mtu wa tenda. Sasa, Land Cruiser ya 300, iliyozinduliwa 2021, haina V8. Ina V6. Lakini ikipita hapa na taa zake, hakuna anayesema "V6 hiyo." Tunasema V8, na tunasonga kando. Jina limebaki baada ya silinda mbili kwenda, kwa sababu tulichokuwa tukikitaja hakikuwa silinda. Tulikuwa tukitaja uwezo wa kutusukuma nje ya lami.

Hapo ndipo nilianza kuona kitu. Jina halikai ndani ya chuma. Linakaa kati ya kitu na watu wanaolazimika kuishi nacho.

Sisi Wanandi tuna marika saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi. Yanazunguka. Rika likipita, jina lake hupumzika, kisha baada ya miaka mia hivi hurudi na kupewa vijana wengine kabisa. Hakuna anayemkagua kijana wa Chumo wa leo kuona kama anafanana na Chumo wa zamani. Hawajui kutumia mkuki, wanajua kutumia M-Pesa, na ni Chumo halali. Kwa sababu gani? Kwa sababu jina la rika halikuambii ufanane na nani. Linakuambia uhusiano wako na waliopo: yupi ni mwenzako, yupi unampisha, na kwamba binti ya mtu wa rika lako huwezi kumwoa kwa sababu ni kama binti yako. Jina linarudi likiwa tupu upande wa sura, lakini limejaa upande wa wajibu.

Nikichukua kipimo hicho nikakirudisha kwa Mustang, swali linabadilika. Si tena kama inanguruma ilivyonguruma. Ni: ile ya kwanza iliwaahidi nini watu, na hii imetimiza? Mwaka 1964 bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Ndani ya miaka miwili ziliuzwa zaidi ya milioni moja. Ahadi ilikuwa kwamba kijana wa kawaida, karani, mwalimu mpya, anaweza kuwa na gari la kupendeza bila kuwa tajiri. Hizo dola kwa thamani ya juzi juzi ni kama 23,000 hivi, ilhali Mustang ya kizazi cha saba ilianza kuuzwa kwa zaidi ya 30,000. Kama kuna usaliti, mimi nauona hapo, kwenye bei, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akibishania. Kwa kipimo hicho, jamaa wa karibu zaidi wa Mustang ya kwanza hapa Uasin Gishu ni Probox. Nilimwambia Mzee hivyo siku iliyofuata. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Umeanza kuongea kama mtu aliyeacha shule."

Alikuwa anatania. Lakini ni kweli niliacha, na ndiyo sababu nimeandika haya yote.

Mimi nilipewa jina la kugo, baba ya baba yangu. Alifariki kabla sijazaliwa. Nilipozaliwa, akina mama wazee waliita majina ya wafu wa ukoo, moja moja, jinsi ya kurenet, na nilipiga chafya kwa lake. Silitaji hapa. Alikuwa dereva wa Pijo, 504 ya abiria, na kijijini jina lake bado lina uzito. Nilipoitwa chuo kikuu, nyumbani hakukuwa na pesa, wakafanya harambee. Mwenye kuongoza alisimama akasema, "Leo tunamsomesha" — na akalitaja jina la kugo, si lile la shuleni. Watu walitoa. Mama aliandika kila mmoja kwenye daftari: majina 61, pamoja na kuku wawili.

Mwaka wa tatu niliacha. Sikufukuzwa, wala hakuna mtu wa kulaumu. Nilikuwa siendi darasani, nilikuwa naandika, na siku moja nikaona kwamba kuendelea kukaa pale ni kama ile Charger: kutoa sauti ya kitu ambacho hakiko ndani. Nimejitetea kwa sentensi hiyo kwa muda mrefu. Ni sentensi nzuri. Lakini inajibu swali la injini tu. Inasema mimi ni nani. Haisemi nina deni gani.

Kwa miaka miwili nimeambiwa nimeharibu jina. Nilipokuwa nimechoka kusikia hivyo, nilimwuliza kogo, bibi yangu, ambaye bado yuko, mzee huyo aliyepewa jina langu alisoma mpaka wapi. Alicheka mpaka akakohoa. Kugo aliacha shule darasa la tatu. Alikuwa akijificha msituni na mbwa mpaka kengele ya jioni ilie. Nilifurahi sana, siwezi kuficha. Nikajiona nimeshinda kesi. Babu wa suti hakuwahi kuishi!

Kogo akaendelea, kwa sababu hakujua kuwa mimi nimeshamaliza. Akasema watu walimpenda kugo kwa sababu gari lake halikulala. Mama akishikwa na uchungu usiku, mtoto akiungua, walikuwa wanakuja kugonga dirisha lake, na alikuwa anaamka. Wengine walilipa baadaye, wengine hawakulipa kamwe. "Huyo ndiye walimchangia," akasema.

Nilikaa na hilo. Linanitoa kwenye kosa moja na kuniingiza kwenye lingine. Wale watu 61 hawakunidai kisomo kwa sababu kugo alikuwa msomi. Lakini hawakutoa bure pia. Walitoa kwa jina la mtu ambaye ukigonga, anafungua. Na mimi, tangu niache chuo, nilikuwa nimefanya jambo moja ambalo jina hilo halikubali: nilijificha. Nikimwona mtu wa kijijini stejini, navuka barabara. Nimekaa Pioneer, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, kama mtu aliyehamia Muscat.

Mtu anaweza kuniuliza: kwani mtoto aliyepiga chafya alikubali mkataba gani? Ni swali la haki, nami sina jibu la kulimaliza. Sikuchagua jina. Ila nilikuwa mtu mzima siku ile ya harambee, nilisikia limetajwa, na niliinama nikapokea bahasha. Kuanzia hapo halikuwa tena jina nililopewa. Nilikuwa nimelitumia.

Mwezi uliopita nilimwomba mama lile daftari. Nilianza na aliye karibu, mama mmoja anayeuza mboga Langas, aliyetoa shilingi 200. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia niliacha, na kwamba nimekuja kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Hakuyahitaji.

"Ile mia mbili ilikuwa ya unga," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekupa hesabu sahihi ili usikosee baadaye. Kisha akanisukumia stuli, akaniuliza naandika nini, na kama inalipa. Nilimwambia inalipa kidogo. Akasema basi nikipata nisianze na yeye, nianze na wale wazee wa mwisho wa orodha, kwa sababu hao hawana muda.

Nilipofika nyumbani niliweka alama kwenye daftari kando ya jina lake. Yamebaki 60. Jumamosi naenda kijijini, na nitapanda Probox.