Umeme Uliporudi Saa Nane za Usiku

Mama wa Uvira aliyenunua resho ya umeme hana haja ya kujieleza kwa jirani. Makala hushuka kutoka milimani kila siku, bei yake ndiyo haishuki, na moshi wa mbabula unamaliza macho. Umeme nao si wa mbali. Unatoka kwenye mto Ruzizi, uleule unaomwaga maji yake ziwani karibu na mji. Tatizo ni kwamba hautoshi. Mtambo wa Ruzizi ya Kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na hautoi hata megawati 30. Ruzizi ya Pili, ya mwaka 1989, ina megawati 43.8 za kugawana nchi tatu: Kongo, Burundi na Rwanda. Watu wameongezeka, friji na pasi zimeongezeka, na mto ni ule ule. Kwa hiyo umeme hukatika, hurudi, hukatika tena, na hata ukiwepo saa za jioni huwa dhaifu.

Basi tumchukue mama mmoja wa Mulongwe, humohumo Uvira. Ana resho ya sehemu mbili, ile ya waya wa kujisokota uliolazwa kwenye mfereji wa udongo mgumu. Mwanzoni anaisifu mtaa mzima. Baada ya miezi michache anaanza kulalamika: asubuhi inachemsha vizuri, lakini ikifika saa moja jioni waya hauwi mwekundu tena, unabaki na rangi ya kutu, na maji ya fufu yanakaa tu yakitoa mvuke.

Anaita fundi. Huyu fundi ni kijana mwenye haraka. Hapimi kitu. Anaigeuza resho, anaitazama, anasema, "Mama, waya umechoka. Nitaukata kidogo, utaona moto."

Na kweli anaukata. Anatoa karibu robo ya waya, anaunganisha ncha kwa koleo, anaurudisha kwenye mfereji wake. Jioni ile waya unang'aa. Mama anafurahi, analipa, anampa na ndagala wa kupeleka nyumbani.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana kosa lote limelala katika furaha hiyo. Resho haikuwa na ugonjwa. Umeme wa nyumba zetu umekusudiwa kuwa volti 220. Jioni, kila mtu akiwa anapika, volti zinaweza kushuka hadi 160 au chini yake. Joto la resho halipungui sawasawa na volti, linapungua kwa haraka zaidi: resho ya wati 1,500 ikipewa volti 160 inatoa kama wati 800 tu, karibu nusu. Fundi mwenye mita angeliona hilo kwa dakika moja kwenye prizi, bila kufungua hata parafujo.

Sasa angalia alichofanya yule kijana. Waya ukifupishwa kwa robo, unavuta umeme mwingi zaidi. Jioni kwa volti 160 resho ile inatoa zaidi kidogo ya wati 1,000, na mama anaona mabadiliko. Lakini usiku wa manane, mji ukiwa umelala na volti zimepanda hadi 220, resho hiyohiyo inatoa wati 2,000. Imetengenezwa kwa ajili ya jioni, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje usiku. Waya mfupi unabeba mzigo ambao hata ule mrefu haukubebeshwa.

Hatari nyingine zilikuwepo tangu zamani. Kamba ya umeme kutoka prizi ya sebuleni hadi jikoni ilikuwa ile nyembamba ya taa, imeungwa katikati kwa kusokotwa mkono na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Kiungo kibovu cha namna hiyo, kikipitisha ampea tisa, kinaweza kutoa wati 80 mahali padogo kama punje ya haragwe. Na fyuzi? Baba wa nyumba alichoka kuibadilisha, akaweka waya mnene wa shaba. Fyuzi ya waya mnene haikatiki, ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake.

Siku ya ajali yenyewe haikuwa na ajabu yoyote. Mama aliweka maharage saa kumi na moja. Saa moja kasoro umeme ukakatika. Watoto wakaguna, mbabula ikawashwa, wakala ugali na samaki. Sufuria ya maharage ilibaki juu ya resho, "yatamalizikia kesho." Hakuna aliyegusa prizi. Kwa nini aiguse? Hakuna umeme.

Umeme ulirudi saa nane za usiku, volti zote. Nyumba ilikuwa usingizini. Maji yalikauka, maharage yakageuka mkaa. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660, na waya wa resho unapong'aa unapita hapo. Sufuria ikaanza kulegea kitako na kudondokea kwenye waya. Kile kiungo cha plastiki, sebuleni, ndicho kilichoshika moto kwanza, juu ya mkeka.

Aliyeamka ni mtoto mdogo, kwa kukohoa. Jirani mmoja alikimbia na ndoo ya maji. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye nguzo za umeme, akampigia kelele toka uani: "Acha maji, mwanangu! Kata umeme kwanza, mlangoni hapo!" Wakakata. Kisha wakaleta mchanga, na mchanga wa ziwani haukosekani Uvira. Watu walipona wote. Sebule ilibaki kuta.

Asubuhi mzee aliichukua ile fishi ya resho, akamwonyesha mama pini zake. Moja nyeupe, nyingine imekuwa ya kahawia, na plastiki inayoizunguka imevimba. "Hii ilikuambia, mama. Ilikuambia kwa muda mrefu."

Ni kweli. Fishi ikishika joto hadi usiweze kuikumbatia kiganjani baada ya nusu saa ya kupika, au prizi ikinuka, hapo kuna mguso mbovu na hakuna la kusubiri. Waya uliokatika wa resho hubadilishwa mzima, wa wati zilizoandikwa kwenye chombo; ukiungwa, mahali pa kiungo ndipo patakapokatika tena. Chumvi na maji ya sombe yakimwagika, ngoja ipoe, chomoa, kisha safisha kwa kitambaa kikavu. Na kwa hizi resho za waya ulio wazi kuna jambo ambalo akina mama wengi hawajaambiwa: fishi ya pini mbili za duara huingia kwenye prizi upande wowote, na swichi ndogo ya resho mara nyingi hukata waya mmoja tu. Ikiingia upande mbaya, umezima, waya umekuwa mweusi, lakini bado una umeme. Mwiko wa chuma, sakafu yenye maji, miguu mitupu, basi. Kuchomoa ndiko kuzima.

Mimi simlaumu sana yule kijana fundi. Alipewa kazi ya kuleta moto na moto akauleta. Ninachomlaumu ni kutobeba mita, kitu kinachoingia mfukoni. Mama akimwita fundi, amwite jioni, saa ileile resho inaposumbua, na amwambie apime prizi kabla hajashika bisibisi. Kama volti ni 160, amlipe kwa kupima na amwache aende. Resho ibaki ilivyo, na maharage yapikwe asubuhi.

Na mtaa ukiingia giza leo jioni, mkono wako uende kwenye prizi ya resho kabla haujatafuta tochi ya simu.