Miaka Tisa Bila Kuamua

Mjukuu wangu, juzi ulinijia saa nne ya usiku, mtoto mgongoni, simu mkononi, ukanionyesha meseji za M-Pesa moja baada ya nyingine. Elfu mbili. Elfu tatu mia tano. Kila Ijumaa, jina lile lile. Ukaniuliza, "Nyanya, nikae ama nitoke?" Nikakutandikia mkeka nikakwambia ulale, nawe ukadhani nakukwepa. Swali hilo mimi lilinikaa kooni miaka tisa. Singeweza kulijibu usiku ule, huku wewe unatetemeka na mtoto analia.

Leo nakujibu, na mwenzako yeyote mwenye jambo kama lako na asikilize.

Mwaka 1993 nilikuwa uani hapa Likoni nafua ovaroli ya babu yako. Mfukoni nikatoa risiti ya duka la Biashara Street: doti mbili za leso. Doti moja alikuwa ameniletea wiki ile, nimeshaikata na kuipinda. Ya pili sikuiona mpaka nilipokwenda mjini siku nyingine. Nashuka feri, mbele yangu anapanda ngazi mwanamke amejifunga leso ile ile, rangi ile ile, jina lile lile. Wajua leso mpya inavyosimama mwilini kabla ya kuonja maji. Ilikuwa hivyo, ingali na wanga wa dukani. Nilimfuata mpaka kituo cha matatu, nikasimama pale, nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Nilitaka kumjibu. Enzi zetu aliyeumia alikwenda kutafuta leso yenye jina la kuchoma, akaivaa akapita nayo mlangoni kwa mwenziwe. Nyinyi mnaandika stetasi ya WhatsApp. Jambo ni lile lile, ila leso yangu ingesomwa na mtaa mmoja, na stetasi yako itasomwa na mawifi zako, mwalimu wa mtoto na wenzake mumeo kazini kabla hujaamka kuifuta. Nakuomba, usiandike kitu. Ukiamua kukaa, utakaa na maneno hayo. Ukiamua kutoka, yatatangulia kufika kwa kadhi kabla yako.

Mama mdogo wangu alinizuia nisiitafute leso hiyo ya kujibu, Mungu amrehemu, na kwa hilo alinifaa. Lakini aliniongezea neno moja: "Vumilia." Hapo ndipo nilipopotea.

Mwaka 1998 mwanazuoni mmoja wa Marekani, Susan Hirsch, alitoa kitabu kuhusu kesi za ndoa katika mahakama za kadhi za pwani yetu. Alieleza jinsi mwanamume anavyotamka talaka na mwanamke anavyotakiwa avumilie, kisha akaonyesha kwamba wanaozifikisha kesi hizo mbele ya kadhi wengi ni hao hao wanawake. Nililitafakari sana jambo hilo. Tunafundishwa kuvumilia tangu tukiwa wari, na bado maji yakifika shingoni tunaijua njia ya kwa kadhi. Basi wasikwambie kwamba mwanamke mwenye heshima hasemi. Bibi zako walisema, na walisikizwa.

Subira ni ibada, sitaitukana. Lakini anayesubiri huwa ana anachokisubiri. Mimi sikusubiri chochote. Sikumuuliza mume wangu, sikumwambia ninajua, sikumwekea sharti, wala sikufunga virago. Nilipika, nilifua, nikazaa mtoto wa tatu. Na kila shati lake nililinusa kabla ya kulitia majini. Akija na samaki mkubwa, nilijiuliza amefanya nini leo. Akija mikono mitupu, nilijua zimekwenda wapi. Hata wema wake niliuhesabu kuwa ni hongo.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka. Watu 272 walikufa. Babu yako alikuwa akivukia hapo kwenda kazini. Nilikimbia peku mpaka ufuoni, nikasimama na wanawake wengine tunatazama maji, na nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, anirudishie mume wangu vyovyote alivyo. Karibu na adhuhuri nikamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara. Alichelewa, feri ikamwacha. Nilimshika mbele za watu, nililia mpaka sauti ikakauka. Nikasema moyoni, yamekwisha, nimemsamehe. Usiku ule ule, alipolala, nilinyanyuka nikalinusa shati.

Nakwambia haya kwa sababu mumeo naye atalia. Pengine ataugua, pengine atafiwa, pengine atakuletea kitenge na keki, na moyo wako utalainika uone umesamehe. Furaha ya kuwa naye si msamaha, mwanangu, na huruma si uamuzi.

Kilichonitoa kizingitini ni yule mtoto wa tatu. Mwaka 2002, ana miaka saba, nilimkuta uani ameshika shati la babake, amelikumbatia usoni. Akaliteremsha, akanitazama kama mtu anayeleta habari njema, akasema, "Leo hakuna, mama."

Sikuwahi kumwambia neno. Wala sikujua kama huwa ananiona.

Kesho yake nilimwita mjomba wangu. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa aya ya 35, imeamuru mume na mke wakihitilafiana atolewe mwamuzi mmoja katika watu wake na mmoja katika watu wa mke. Wengi huiruka hatua hiyo. Hutoka chumbani wakaenda moja kwa moja mahakamani, au hutoka chumbani wakaenda kwa wambea. Mjomba akaja, na upande wa mume akaja kaka yake mkubwa. Tukakaa barazani baada ya Isha. Mjomba hakumuuliza babu yako kama anajuta. Alimwambia, "Tuambie tusilolijua."

Hilo swali likamate. Mtu aliyefumaniwa hukiri kile tu ulichokwisha kukiona, na meseji zako ulizonazo mumeo atazikubali zote kwa kuwa hana la kufanya. Mwulize ambacho huna ushahidi nacho. Babu yako alinyamaza kitambo, kisha akasema kuna mtoto, yuko Kisauni, na ada yake ya shule hulipa yeye. Iliniuma kuliko leso. Lakini ndiyo mara ya kwanza alinipa ukweli uliokuwa wa kumgharimu, na juu ya ukweli huo nikaweza kuamua. Nilikaa. Mtoto yule alikuja kwangu kila likizo, na watoto wangu wakamjua ni ndugu yao. Babu yako alinipa miaka mingine kumi na mitatu kabla hajafariki, na shati lake sikulinusa tena.

Sikusimulii haya ili nawe ukae. Rafiki yangu wa Changamwe, Mkristo, aliambiwa ukweli nusu mara tatu, akatoka, na alifanya sawa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inautaja uzinzi kuwa sababu ya talaka, akaitumia, na leo anakula chakula chake kwa raha. Wewe Mwislamu unayo Mahakama ya Kadhi, iliyomo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Ukitaka kujivua kwa khului, utarudisha mahari au mtakachopatana. Ukiwa na sababu nzito, kama kunyimwa matumizi au kuteswa, unaweza kumwomba kadhi aivunje ndoa. Na akija na habari ya "huyo ni mke wangu wa pili", muulize walioozesha ni nani, mashahidi ni nani, na kwa nini ilifichwa. Dini imeruhusu ndoa ya pili. Haikuruhusu jina la ndoa litumike kufunikia uongo.

Na akikunyanyulia mkono, achana na baraza na waamuzi. Piga 1195, ni bure, kisha uje kwangu hata iwe usiku wa manane.

Kuna jambo wanawake wa pwani hii hulisahau. Nyumba yenu imesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine, mnalipa kodi ya ardhi tu, kama nyumba nyingi za Likoni na Kisauni. Mabati ulinunua wewe kwa fedha za viazi karai. Risiti ziko wapi? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kulea watoto na kazi ya nyumbani kuwa mchango, na Mwislamu imemwachia njia ya kufuata sheria ya dini yake. Lakini Mahakama ya Upeo ilisema Januari 2023 kwamba mali haikatwi nusu kwa nusu hivi hivi, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Zikusanye risiti hata kama utakaa. Anayekaa huku ana pa kwenda, amekaa kwa hiari yake. Mimi ile miaka tisa sikuwa na hata shilingi iliyo yangu, na nusu ya uvumilivu wangu ilikuwa ni njaa niliyoiogopa.

Nina neno pia kwa kijana wa kiume, kwani mkeo naye huenda akawa ndiye aliyekosea. Wewe mtaa haukupi hata hiyo nafasi ya kuvumilia. Watakucheka barazani mpaka uonekane mwanamume kwa kumfukuza. Wenzetu Wamijikenda wana malu, fidia anayotozwa aliyezini na mke wa mtu, na fidia hiyo huenda kwa mume. Ila malu hailazimishi moyo kupona. Nilimwona kijana mmoja wa Kisauni, mkewe alikuwa kazini Saudia. Mke aliporudi na kukiri kosa, mume akampa talaka tatu kwa mkupuo mlangoni, begi la mke lingali begani. Mwezi wa pili yake mume huyo alikuwa kwa masheikh anatafuta njia ya kumrejesha. Neno la talaka ulishike mpaka hasira ipoe. Talaka moja ina eda na ina rejea, na ndani ya eda mtu anaweza kufikiri.

Wewe basi, nakupa mpaka mwezi huu uandame tena. Katika muda huo usimpekue simu, umeshaona ya kutosha. Mwambie unajua. Mwulize usilolijua, mbele ya mtu mzima mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu, nami nitamtafuta huyo wa kwetu. Ukimaliza kusikia, amua, kisha useme uamuzi wako kwa mdomo, asikie nao wasikie. Ukisema umekaa, uache kuhesabu Ijumaa zake. Ukiona huwezi kuacha kuzihesabu, hujakaa, na ni heri utoke ungali kijana.

Kabla ya hayo yote kuna kupima. Usione haya. Vipimo vya ukimwi katika hospitali za serikali ni bure, na uwaulize pia kuhusu kaswende na maradhi mengine ya zinaa. Anza wewe, naye akapime ukishamwambia, na mrudie tena kama daktari atakavyowapangia, maana aliyeambukizwa majuzi huenda asionekane. Mpaka majibu yote yatoke, lala na mwanao.

Kesho mahamri nitayamaliza mapema. Mlete mtoto saa mbili, nikae naye mimi, wewe uende ukapime.