Ila ya Ala

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Msemo huu aghalabu hutolewa ili kuwataka watu wasamehe: uzuri upokelewe, na ila iachiliwe ipite. Lakini kuna vitu ambavyo ila yake haikai pembeni ya uzuri bali imo ndani yake, na mwenye kuiondoa huuondoa na uzuri wenyewe. Je, anayeiga kitu cha namna hiyo awe mwaminifu kwa kipi: kwa kitu kama kilivyokusudiwa, au kama kilivyokuwa?

Swali hili la kale limepata mfano mpya katika kompyuta. Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ya Marekani ilitoa kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Commodore 64. Ndani yake mlikuwa na chipu ya sauti, 6581, iliyobuniwa na mhandisi Bob Yannes na kujulikana kwa jina la mkato la SID. Ilikuwa na sauti tatu tu, pamoja na kichujio kilichozuia baadhi ya mawimbi ya sauti na kuyapitisha mengine. Watunzi kama Rob Hubbard na Martin Galway waliitungia muziki wa michezo ya kompyuta unaopendwa hadi leo. Hata hivyo mashine zile zinakufa moja baada ya moja, na wengi wanaousikiliza muziki huo sasa huusikia kupitia programu zinazoigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya kompyuta mpya.

Kuiga hesabu za mashine kuna ugumu wake, ila mbili na mbili ni nne popote. Kuiga sauti ndiko kwenye mtihani. Ukubwa wa sauti wa chipu ile ulikuwa na ngazi 16, na kila ngazi ilipobadilishwa ulisikika mlio mfupi, kama kidole kigongacho meza. Hiyo ilikuwa kasoro. Waandishi wa programu wakaigundua, wakazibadilisha ngazi zile maelfu ya mara kwa sekunde, wakapata kitu ambacho hakikukusudiwa: sauti ya nne, iliyoweza kupiga ngoma na hata kutamka maneno. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ikaja chipu iliyorekebishwa, 8580. Kasoro ile ikapunguzwa mno, na ngoma zile zikafifia zikawa mnong'ono. Chipu ilitengenea, wimbo ukaharibika.

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Aflatuni anataja vitanda vitatu: kitanda cha asili, ambacho muumba wake ni Mungu, kitanda cha seremala, na kitanda cha mchoraji, ambaye huiga kazi ya seremala na kwa hiyo yuko mbali na ukweli. Mwenye kuifuata mizani hiyo angeweza kusema kuwa mwigaji bora ni yule anayeliruka kosa la seremala na kulirudia kusudio. Programu iliyoandikwa kwa kufuata maelezo ya karatasini pekee hufanya vivyo hivyo. Kila noti iko mahali pake, hapana mkwaruzo wala mgoto; na aliyekulia katika muziki ule akiusikia husema, "Siwo huu." Naye ana haki. Mtunzi hakuitungia karatasi. Aliitungia ala iliyokuwa mbele yake, akiyasikiliza makosa yake kama fundi asomavyo mishipa ya ubao kabla ya kuuchonga.

Yamkini mtu atauliza: ala ipi? Vichujio vya chipu za 6581 havikulingana. Wimbo mmoja uliweza kutoka mzito katika nyumba moja, na mkali katika nyumba ya jirani. Ikiwa asili yenyewe ni nyingi, basi kila mwigo si sahihi? La hasha. Shairi lililopokewa katika nakala tatu zinazotofautiana halimpi mnakili ruhusa ya kuandika ya nne kwa matakwa yake. Linamtwika wajibu wa kusema ni nakala ipi aliyoifuata. Wapo walioubeba wajibu huo. Programu ya VICE humwachia msikilizaji achague kati ya 6581 na 8580. Na Dag Lem, aliyeandika mwigo uitwao reSID, aliyachukua mawimbi ya chipu halisi badala ya kutosheka na karatasi.

Maadamu mashine za kale zipo, kosa la mwigaji husahihishwa kwa kulinganisha. Siku itakayozimika ya mwisho, mwigo utabaki kuwa shahidi pekee. Kijana atakayezaliwa baadaye ataupokea muziki usio na ngoma zake, ataupenda, wala hapatakuwa na wa kumwambia kilichopungua. Huenda hatadhurika. Atakayekuwa amedhulumiwa ni yule aliyekesha akiisikiliza kasoro mpaka akaigeuza kuwa wimbo, kisha kazi yake ikafutwa kwa jina la usafi.

Mwigaji hadaiwi ukamilifu, kwa kuwa hata asili haikuwa nao. Anadaiwa kukiri. Kizuri hakikosi ila. Na anayekirithisha kizuri akirithishe pamoja na ila yake, au aseme wazi alichokiacha.