Furaha na Fahari Katika Kununua Motokaa

Mtu anunuapo kitu cha lazima kwa fedha chache, je, ana haki ya kutaka kimfurahishe pia? Wako wasemao kuwa hana. Kwao furaha ni tunda la mwenye nacho, na mwenye kipato cha wastani yampasa kutosheka na chombo kimfikishacho aendako. Wako wengine wasemao kuwa maisha ni mafupi, basi mtu na anunue akipendacho hata kwa kukopa. Maneno ya pande zote mbili yana upungufu, na upungufu huo huonekana wazi katika ununuzi wa motokaa iliyokwisha kutumika.

Motokaa nyingi za Kenya huingia kwa bandari ya Mombasa zikiwa zimekwisha kuendeshwa ng'ambo, hasa katika Ujapani. Kanuni za Shirika la Viwango la Kenya hazikubali kuingizwa motokaa iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza. Zikifika huuzwa, kisha huuzwa tena, mpaka zimfikie mwalimu, muuguzi na mwenye duka dogo. Kwa hiyo swali letu si la matajiri. Ni la watu wengi, na huenda kesho likawa lako wewe usomaye.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: furaha na fahari. Fahari hutaka shahidi. Hukaa machoni mwa watu. Furaha haihitaji shahidi. Hukaa moyoni mwa mwenyewe. Mtu ateremkaye peke yake alfajiri kutoka Iten kwenda Tambach, akauona usukani unatii mkono wake katika kila kona na gia zinaingia bila kushindana naye, ana furaha ingawa hapana amwonaye. Lakini mtu aliyenunua gari kubwa ili majirani wageuze shingo, kisha akaliacha uani kwa kukosa bei ya petroli, ana fahari tu, furaha imempita. Wahenga walisema, fahari ya macho haifilisi duka. Kweli, lakini fahari hiyo ikishuka kutoka machoni ikaingia mfukoni, hufilisi nyumba.

Upya nao si sharti la furaha. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, alishinda mashindano ya Safari katika Afrika Mashariki. Gari lake, Volvo PV544, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa katika mashindano kabla halijafika mikononi mwake. Wengine walikuwa na magari mapya, naye alikuwa na gari alilolijua. Ujuzi na utunzaji vilifanya kazi ambayo upya peke yake hauwezi kuifanya.

Basi mwenye fedha chache aitafuteje furaha yake? Kwanza, ajijue. Anayependa kuendesha hatapata hasara kwa kuchagua motokaa ndogo, nyepesi, yenye injini ya lita moja na nusu au pungufu. Hunywa petroli kidogo, na uzuri wake huonekana hata kwa mwendo wa halali. Gari lenye nguvu nyingi huonyesha uhodari wake pale tu sheria inapovunjwa. Na furaha ipatikanayo kwa kuhatarisha roho za wapita njia ni wizi.

Pili, asimalize akiba yake siku ya kununua. Mwenye shilingi 600,000 na atafute ya shilingi 480,000, abakize 120,000 kwa bima, oili, tairi, na ugonjwa wowote utakaojitokeza katika miezi ya mwanzo. Anayetumia yote kwa kununua huwa amenunua nusu tu, maana utunzaji ndio nusu ya pili.

Tatu, atazame kwa akili kabla ya kutazama kwa moyo. Aione injini ikiwashwa ingali baridi. Moshi wa rangi ya samawati ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa dalili ya maji kupenya ndani yake. Mita ikisema motokaa imekwenda kilomita 60,000, lakini pedali zimelika na usukani umechakaa, aamini pedali kuliko mita. Tairi nalo lina tarakimu 4 ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ahakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama kuwa muuzaji ndiye mwenye mali. Mwisho, amlipe fundi wake mwenyewe ampimie. Fundi wa muuzaji hula kwa muuzaji.

Hapa patasemwa: kama ni busara tunayoitaka, kwa nini tusinunue ile ya bei ndogo kabisa, furaha tukaiacha? Hoja hii ina nguvu, lakini imesahau tabia ya binadamu. Mtu hutunza akipendacho. Aipendaye motokaa yake husikia mlio mpya siku ya kwanza, akaupeleka kwa fundi. Asiyeipenda huongeza sauti ya redio. Breki zilizopuuzwa haziumizi mwenyewe peke yake. Kwa hiyo furaha ya kiasi ina faida hata kwa jirani.

Lakini furaha hiyo ina mpaka. Karo ya mtoto, dawa ya mzazi na deni la watu vina haki iliyotangulia. Mtu akizichukua fedha za haki hizo akanunua raha, kila safari itamkumbusha mwenye haki, na raha itageuka shubiri. Vivyo hivyo kwa muuzaji: anayerudisha nyuma hesabu ya mita au kuficha ufa kwa rangi haibi fedha tu, humwibia mwenziwe miaka ya kazi na labda uhai.

Jibu la swali letu, basi, ni ndiyo. Mwenye fedha chache ana haki ya furaha sawasawa na tajiri, kwa sharti kwamba alipe kwa fedha zake mwenyewe, asilipe kwa fedha za wanawe wala kwa usalama wa wengine. Vijana, siku mtakapokuwa na shilingi zenu mikononi, jiulizeni swali moja kabla ya kutia sahihi: kama hapana mtu hata mmoja atakayeniona nikiiendesha, je, ningali naitaka? Moyo ukijibu ndiyo, na mfuko ukakubali, inunueni bila haya, mwitunze.