Ushahidi na Fasiri: Mipaka ya Takwimu katika Tiba ya Akili

Tiba ya akili ina tatizo ambalo mhakiki wa fasihi analifahamu vyema: sehemu kubwa ya ushahidi wake ni maneno. Mgonjwa akimwambia tabibu wa Malindi kwamba ana mawazo mengi na hana raha, hakuna kipimo cha damu kitakachothibitisha au kukanusha kauli hiyo. Sharti isomwe kwanza, ndipo ihesabiwe.

Dodoso la PHQ-9, ambalo hutumiwa pia kwa Kiswahili, huuliza mambo 9 kuhusu wiki 2 zilizopita na kutoa alama kwa kila jibu. Alama hizo huwezesha tiba mbalimbali kulinganishwa, na faida yake si haba. Hata hivyo, swali linapohamishwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili au Kigiriama, mfasiri amekwisha kuamua ni mateso yapi yatakayohesabiwa.

Historia ya Kenya inatoa onyo. J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, alidai katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Dai hilo lilitegemea mno idadi ya waliolazwa. Aliyeteseka kimya nyumbani hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Kasoro ilikuwa katika usomaji, wala si katika kujumlisha.

Je, takwimu zitupwe? La hasha. Pwani ya Kilifi kifafa huhusishwa mara nyingi na pepo, na watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, wamekichunguza kwa miaka mingi. Dawa zilizothibitishwa huzuia degedege kwa wagonjwa wengi, liwalo liwe jina la ugonjwa. Kumnyima mgonjwa dawa hizo kwa kisingizio cha kuheshimu mila ni dhuluma. Lakini degedege huonekana na jirani; sonona haina shahidi ila kauli ya mwenyewe.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Takwimu zaweza kueleza tiba ipi huwafaa wengi. Haziwezi kueleza mgonjwa huyu amesema nini. Kumsikiliza ni wajibu wa kimaadili kabla ya kuwa ujuzi wa kitaalamu, kwa kuwa gharama ya kosa la msomaji hulipwa na yule aliyesomwa vibaya.