Saa ya Shimoni

Katika Zaburi ya 90, ambayo mapokeo yetu huihesabu kuwa sala ya Musa, mna mstari mmoja, ule wa 4, ambao wahubiri wetu wa Salamabila, huku kwetu Kabambare, wameuzoea mno, na baadhi yao nadhani hawaukumbuki ila siku ya msiba: kwamba karne kumi mbele ya Mola hazizidi jana moja. Huusoma huku wamewaelekea wafiwa, na maksudi yao huwa dhahiri, yaani nyamazeni, kwani huzuni yenu katika hesabu ya Mbinguni haifiki hata dakika. Mama mmoja wa usharika wetu, ambaye mwanawe alifukiwa na udongo katika machimbo ya dhahabu, aliambiwa hayo na mzee wa kanisa mbele ya watu, naye akajibu kwa adabu, "Baba, saa yangu mimi haiendi hivyo."

Wenye elimu ya maumbile wana habari imhusuyo mama huyu. Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia isemayo kwamba kila kitu kizito, kama hii dunia yetu, huupinda wakati pamoja na mahali palipo kando yake. Na jiwe liangukalo halivutwi na mkono wowote, bali hufuata njia iliyonyooka kuliko zote ndani ya wakati uliokwisha kupindwa. Kwa hiyo saa mbili zilizo timamu hazilingani, na iliyo chini huenda polepole kuliko iliyo juu. Mchimbaji akishuka na saa yake katika shimo la mita 30, na nduguye avutaye kamba akabaki na nyingine pale mdomoni, baada ya mwaka mzima ile ya chini itakuwa imebaki nyuma kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ni kidogo, walakini si dhana: saa za setilaiti ziziambiazo simu zetu mahali tulipo, zikiwa juu kilomita 20,200, huzitangulia za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku, hata baada ya kutolewa zile 7 zipoteazo kwa kasi ya mwendo wao. Na huko mbali kabisa, katika Cygnus X-1, ambayo setilaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, iliwasaidia wataalamu kuitambua kuwa shimo jeusi, saa ikaribiayo ukingo tungeiona kana kwamba inasimama.

Ninalolishika mimi ni hili, kwamba hakuna fundi awezaye kuitwaa saa ya shimoni akasema imeharibika. Ni sahihi pale ilipo, wala haingojei idhini ya saa ya mlimani. Sidai kwamba Musa aliyajua hayo (tabia ya kuzigeuza Zaburi kuwa kitabu cha sayansi hunichosha), ila nasema kwamba mzee wetu aliitumia saa ya Mungu kuibatilisha saa ya mama, na Musa hakuthubutu kufanya hivyo. Maana Musa yuleyule, akiisha kuitaja miaka elfu, afikapo mstari wa 13 humgeukia Mola na kumwuliza atakawia hata lini kuwahurumia watu wake. Na katika ule wa 15 huomba furaha itakayopimwa kwa urefu wa taabu yao, siku kwa siku na mwaka kwa mwaka. Aombaye hivyo amezihesabu siku zake, tena anamtaka Mungu naye azihesabu. Usiku wa mama yule umo, na miaka ambayo sisi wa Kabambare tulikimbilia msituni kwa hofu ya bunduki, nayo imo.

Basi, ndugu mhubiri, uitwapo matangani ukaona huna budi kuusoma mstari wa 4, usifunge kitabu. Endelea mpaka wa 15, kisha uketi, umwachie mfiwa nafasi ya kusema.